Klasta imegoma, au ni njia? Kuingia na kuhamisha data ukiwa Mbeya, Iringa au Njombe

Ujumbe ninaoupokea kuliko mwingine wowote kuhusu klasta, zile kompyuta nyingi zilizounganishwa zifanye hesabu kubwa, una maneno mawili: "Klasta imekufa." Huja usiku, mara nyingi kutoka kwa mwanafunzi wa uzamili aliyebakiza siku chache akabidhi kazi, na jibu langu halibadiliki: nitumie maneno yaliyotokea kwenye skrini, yote, kama yalivyo. Maneno hayo ndiyo yanayoonyesha umefika wapi. Kuna anayekwama njiani kabla ya kufika mlangoni. Kuna anayefika mlangoni akakataliwa. Na kuna anayeingia vizuri ila mzigo wake haupiti. Ukitibu tatizo la mlangoni wakati umekwama njiani, utapoteza usiku mzima na pengine utajifungia nje kabisa.

Naandika kwa ajili ya watafiti wa huku Nyanda za Juu Kusini: wa maharage na viazi, wa misitu ya Mufindi, wa maji ya bonde la Usangu, wa maabara za afya. Wengi wetu tunatumia klasta iliyo mbali, kwa intaneti inayoyumba na umeme unaokatika radi zikianza. Miongozo mingi imeandikwa na watu ambao laini yao haikatiki, na hapo ndipo inapotuacha. Kwenye mifano yangu, penye "jina" weka jina lako la mtumiaji, na penye "klasta.mfano" weka anwani uliyopewa.

Kimya kirefu, kisha "Connection timed out"

Umepiga hodi, hakuna aliyeitika. Kwanza fungua tovuti yoyote uone kama intaneti ipo kweli, maana alama ya waifai inaweza kuwaka huku bando la ruta limekwisha. Intaneti ikiwepo, washa hotspoti ya simu, unganisha laptopu, jaribu tena. Ikikubali kwa simu na kukataa kwa waifai ya ofisi, tatizo liko ofisini: mitandao mingi ya ofisi na hoteli huruhusu tovuti tu na kuziba porti 22, mlango ambao SSH, programu ya kuingilia klasta, huutumia kwa kawaida. Mwone mtu wa TEHAMA wa ofisi yako. Msimamizi wa klasta hawezi kukusaidia hapo.

Ikikataa kote kuwili, soma upya barua uliyopewa ulipofunguliwa akaunti. Klasta nyingi hazipokei mtu kutoka nje mpaka awashe VPN ya taasisi, yaani njia ya siri inayokuingiza kwenye mtandao wa taasisi ukiwa nje. Watu hulisahau hili baada ya likizo ndefu, kwa sababu mara ya mwisho VPN ilikuwa inawaka yenyewe.

Ukiona "Could not resolve hostname", umekosea herufi kwenye anwani, au kifaa chako kimeshindwa kuitafuta. "Connection refused" ni habari tofauti: mashine imekujibu, ila mlango huo umefungwa. Inaweza kuwa matengenezo, inaweza kuwa klasta yenu inatumia porti nyingine, na inaweza kuwa jambo lifuatalo, ambalo nitalieleza kwa urefu kwa sababu limewahi kusimamisha kazi ya chumba kizima.

Jana ilikubali, leo inakataa kwa kila mtu ofisini

Klasta hushambuliwa mchana na usiku na programu zinazobahatisha nywila. Ili kujilinda, nyingi zina mlinzi (naye ni programu) anayehesabu makosa: anwani fulani ya intaneti ikikosea mara kadhaa mfululizo, anaifungia kwa dakika kadhaa, saa nzima, au zaidi. Sasa fikiria ofisi yenye watafiti 8 Iringa mjini. Kila mmoja ana laptopu yake, lakini wote wanatokea duniani kupitia ruta moja, kwa anwani moja. Mmoja akisahau nywila na kujaribu mara 10 kwa hasira, mlinzi haoni mtu mmoja aliyesahau. Anaona anwani inayobahatisha. Anafunga. Wale 7 waliokuwa wanafanya kazi kwa amani wanaanza kupata "Connection refused" au ule ukimya mrefu, na kila mmoja anaanza kujaribu tena na tena.

Nilikuwa mmoja wa hao 7. Tulipoteza asubuhi nzima tukiilaumu kampuni ya intaneti, mpaka mmoja wetu akajaribu kwa simu yake na kuingia mara moja. Basi hicho ndicho kipimo: simu inakubali, ofisi inakataa, na jana ofisi ilikubali. Dawa ni kuacha kabisa kujaribu, kuulizana kwa upole ni nani aliyekuwa anahangaika na nywila, na kumwandikia msimamizi mkimpa anwani ya nje ya ofisi. Kwa bando la simu pia inawezekana ukafungiwa kwa makosa ya mtu usiyemjua, kwa sababu kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Hapo zima data, subiri kidogo, washa. Mara nyingi utapewa anwani nyingine.

Sheria yangu ni hii: ukikosea nywila mara mbili, inua mikono kwenye kibodi.

"Permission denied"

Furahi kidogo, kwa sababu njia yote ni nzima na mlango umekusikia. Kilichobaki ni utambulisho.

Nywila haionekani unapoichapa, hata nyota hazitokei. Wanaoingia mara ya kwanza hudhani kibodi imekufa, wanachapa mara mbili, wanakosea. Chapa tu, ubonyeze Enter. Angalia kama Caps Lock imewaka. Angalia pia jina: ukiandika ssh klasta.mfano bila "jina@" mbele, kompyuta itatuma jina unalotumia kwenye laptopu yako, ambalo klasta hailijui.

Wanaotumia ufunguo (jozi ya mafaili, moja la siri na jingine la wazi) badala ya nywila wana matatizo yao. SSH ni kali sana kuhusu nani anaweza kusoma nini. Ukiona onyo la "UNPROTECTED PRIVATE KEY FILE", ufunguo wako wa siri unasomeka na watu wengine kwenye kompyuta hiyo, na SSH imekataa kuutumia. Kwenye Linux na Mac andika:

chmod 600 ~/.ssh/id_ed25519

Kuna sura nyingine ya tatizo hili isiyo na onyo lolote upande wako, nayo huwapata watu wakarimu. Mtu anataka mwenzake asome matokeo yake, anaandika chmod 777 kwenye folda yake ya nyumbani pale klasta, anaondoka. Kesho yake ufunguo haukubaliki. Seva imeona folda hiyo inaweza kuandikwa na yeyote, ikahitimisha kwamba orodha ya funguo iliyomo haiaminiki. Ingia kwa nywila, kama inaruhusiwa, kisha:

chmod go-w ~
chmod 700 ~/.ssh
chmod 600 ~/.ssh/authorized_keys

Kushirikiana ni kuzuri. Omba folda ya mradi, ndiyo kazi yake.

Wanaotumia PuTTY, programu ya kuingilia kwenye Windows, wakumbuke kwamba ufunguo wake wa .ppk una muundo wake wenyewe, na amri ya ssh ya kawaida haiusomi. PuTTYgen inaweza kuubadilisha. Na unapoombwa utume ufunguo wako, tuma ule wenye .pub mwishoni peke yake. Ule mwingine haupaswi kutoka kwenye kompyuta yako, hata kwa WhatsApp, hata kwa msimamizi wako wa utafiti.

Tarakimu 6 za simu zinakataliwa, nywila ni sahihi

Programu ya uthibitisho iliyo kwenye simu haiulizi mtandao. Inachukua siri mliyopeana na klasta siku ya kujiandikisha, inaichanganya na saa ya simu, na kutoa namba mpya kila sekunde 30. Saa ya simu ikipotea kwa dakika chache tu, namba zote ni batili.

Nilipitia tatizo hili na dada mmoja kwa karibu saa nzima kwenye simu. Alikuwa na uhakika na kila kitu, na saa yake, alisema, ilikuwa sahihi kabisa. Na kweli ilikuwa sahihi, kwa Kiswahili: aliisogeza kwa mkono isome 1:00 ikiwa saa moja asubuhi, badala ya 7:00. Kwa macho yetu hakuna kosa. Kwa klasta, simu hiyo ilikuwa nyuma kwa saa 6. Hali hiyohiyo hutokea simu ikija imewekwa majira ya nchi nyingine, na mwenyewe akasogeza mishale ya saa badala ya kubadilisha majira. Ingia kwenye mipangilio ya tarehe na saa, ruhusu simu ijiwekee saa na majira yenyewe, kisha subiri namba mpya itokee kabla ya kuingiza.

Ukibadilisha simu au ikiibwa, namba hazihamii zenyewe. Zile namba za akiba ulizopewa siku ya kwanza ziandike kwenye karatasi na kuitunza nyumbani.

"REMOTE HOST IDENTIFICATION HAS CHANGED"

Maandishi haya hutisha, na yanastahili kutisha. Yanasema mashine iliyokujibu leo haina alama ya utambulisho iliyokuwa nayo jana. Mara nyingi ni kwa sababu klasta imewekwa upya, lakini onyo ni hilohilo mtu akiwa amejipenyeza katikati. Usifute rekodi ya zamani kwa haraka kwa sababu umeona amri hiyo mahali. Muulize msimamizi kama kuna mabadiliko, linganisha alama aliyotangaza na ile uliyo nayo kwenye skrini, na zikifanana ndipo uandike:

ssh-keygen -R klasta.mfano

Ukiwa kwenye waifai ya stendi au ya mgahawa, funga laptopu ukajaribu kutoka mtandao unaouamini.

Uko ndani, halafu skrini inaganda

"Broken pipe" huja baada ya kukaa bila kuchapa kitu, au intaneti ikipepesa. Kwenye faili la ~/.ssh/config la laptopu yako ongeza mstari ServerAliveInterval 60, ili kila baada ya sekunde 60 za ukimya kompyuta ibishe hodi kidogo na njia isifungwe. Hilo halizuii kukatika kwa umeme. Kwa hiyo ukiingia klasta, kabla ya kazi yoyote ndefu, andika tmux, programu inayoiacha kazi yako hai hata ukikatika. Ukikatika, ingia tena kwenye nodi ileile ya kuingilia (nodi ni kompyuta moja kati ya zile za klasta), andika tmux attach, na utakuta kila kitu pale ulipokiacha. Klasta kubwa zina nodi za kuingilia zaidi ya moja. Andika jina la uliyopo kwa amri ya hostname, la sivyo utarudi kwenye nodi nyingine na kudhani kazi imepotea.

Ukiingia na kutupwa nje papo hapo, angalia kama ulihariri .bashrc, faili la maagizo linalosomwa kila unapoingia, hivi karibuni. Neno exit moja lililowekwa vibaya linatosha. Hapo msimamizi ndiye wa kukutoa. Siku nyingine ukihariri faili hilo, acha dirisha moja wazi na ujaribu kuingia kwa dirisha la pili.

Mafaili yanakatikia njiani

Hapa ndipo penye machozi ya huku kwetu. Hesabu kwanza. Kampuni za intaneti hupima kwa megabiti, kompyuta yako hupima mafaili kwa megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti 8. Tena kasi wanayotangaza ni ya kushusha. Ya kupandisha mara nyingi ni ndogo zaidi. Tuseme umepiga picha za mashamba ya viazi Njombe kwa droni, umepata GB 40, na laini yako inapandisha megabiti 4 kwa sekunde. Hiyo ni nusu megabaiti kwa sekunde. GB 40 zitachukua sekunde 80,000, yaani zaidi ya saa 22. Klasta haina ulegevu wowote hapo.

Saa 22 bila umeme kukatika, wakati wa masika, ni ndoto. Kwa hiyo usianze kamwe safari ambayo ikikatika inaanza upya. Amri ya scp, ya kunakili mafaili, ikikatikia kwenye faili la GB 15 likiwa limefika GB 14, itarudia lote. Tumia rsync:

rsync -av --partial --progress --timeout=60 picha_viazi/ jina@uhamisho.klasta.mfano:/scratch/jina/picha_viazi/

Neno --partial linahifadhi kipande kilichofika, na ukirudia amri ileile, yaliyokwisha kufika hayatumwi tena. Neno --timeout linaizuia isigande milele laini inapokufa kimya. Mkwaju ulio mwishoni mwa picha_viazi/ una maana: ukiwepo, vinatumwa vilivyomo ndani, ukikosekana, inatumwa folda yenyewe, na utaikuta picha_viazi ndani ya picha_viazi.

Kama unaingia kwa ufunguo bila kuulizwa kitu, unaweza kuiacha ijirudie yenyewe usiku kucha, ikipumzika dakika moja kila ikikatika:

until rsync -av --partial --timeout=60 picha_viazi/ jina@uhamisho.klasta.mfano:/scratch/jina/picha_viazi/; do sleep 60; done

Jaribu kwanza mara moja kwa mkono. Mzunguko huu ukiwa na ufunguo mbovu utapiga hodi kila dakika, na yule mlinzi atafungia ofisi yenu yote. Zima pia usingizi wa laptopu. Ukifunga kifuniko, usafirishaji umesimama.

Angalia anwani niliyoandika: uhamisho.klasta.mfano. Klasta nyingi zina nodi maalumu ya kuhamisha data, yenye jina lake. Nodi ya kuingilia ni ukumbi wa wote, na ukiuzibia kwa GB 40 zako, wenzako hawataweza hata kuorodhesha mafaili yao. Usafirishaji wako ukiuawa ghafla pale kila baada ya dakika kadhaa, huenda ni msimamizi ameweka kikomo, na ana haki.

Kama una picha ndogondogo 60,000, kasi itaonekana ya aibu hata laini ikiwa nzuri, maana kila faili lina mazungumzo yake ya kufungua na kufunga. Zifunge pamoja kwa tar kwanza. Kwa picha za JPEG na mafaili ya fastq.gz (ya mfuatano wa vinasaba) usihangaike kuyabana zaidi, yamebanwa tayari.

Na kuna kosa ambalo nimelikuta kwa watu makini kabisa: kushusha picha za setilaiti za Usangu, au mfuatano wa vinasaba kutoka hifadhi ya kimataifa, hadi kwenye laptopu Mbeya, halafu kuzipandisha tena klasta. Bando limelipwa mara mbili. Ingia nodi ya uhamisho na ushushe kutoka hukohuko kwa wget -c na anwani ya faili. Data haitagusa laini yako kabisa.

Ikifika TB 2, acha intaneti. Kwa zile megabiti 4 ni siku 46. Diski ya nje ikitumwa kwa basi la Dar es Salaam, pamoja na mtu wa kuipokea na kuichomeka, inafika kesho. Ila kama ina taarifa za wagonjwa, ifungwe kwa nywila diski nzima kabla haijafika kwenye buti la basi, na nywila ipite njia nyingine.

Imekatika kabla hata ya kuanza: "Received message too long"

Ukiingia kwa ssh inakubali, ukituma kwa sftp, WinSCP au FileZilla inakataa. Tafuta kwenye .bashrc yako pale klasta mstari unaochapisha salamu, kwa mfano echo "Karibu". Programu ya kuhamisha ilitarajia lugha yake, ikapokea salamu. Iondoe, au juu kabisa ya faili weka:

case $- in *i*) ;; *) return;; esac

"Disk quota exceeded"

Folda ya nyumbani ina mgao mdogo, na mara nyingi kilichoujaza siyo data yako. Ni vifurushi vya conda, kisakinishi cha programu, na akiba zilizojificha kwenye folda zinazoanza na nukta. Andika du -sh ~/.[!.]* ~/* uone mnene ni nani, conda clean --all hurudisha nafasi kubwa. Kumbuka klasta nyingine huhesabu pia idadi ya mafaili, hivyo unaweza kukataliwa huku nafasi ikiwa tele. Eneo la scratch, la kazi za muda, ni pana, lakini mafaili ya zamani hufutwa humo bila kuulizwa.

Imefika, lakini programu inasema faili limeharibika

Kabla ya kutuma, kwenye folda ya asili: sha256sum *.tar > hundi.txt, amri inayoandika namba ya utambulisho ya kila faili. Tuma na hundi.txt yenyewe. Ukifika: sha256sum -c hundi.txt. Kwenye Windows tumia certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Namba zikilingana, uharibifu ulianzia kwako. Kama ni skripti ndogo inayolalamika "bad interpreter" ikiwa na alama ya ^M, iliandikwa Windows, dos2unix itaisafisha. Usifute nakala ya kadi ya droni kabla ya hatua hii.

Ukimwandikia msimamizi

Mpe amri uliyoandika, maneno yote ya skrini yakiwa maandishi badala ya picha, mtandao uliokuwa unautumia, na kama kwa simu ilikubali. Kwa tatizo la kuingia, ongeza matokeo ya ssh -v. Nywila usiiandike kamwe. Saa iandike kwa tarakimu za saa 24 pamoja na majira, mfano 21:40 saa za Afrika Mashariki. Anayesoma kumbukumbu za seva akiambiwa "ilikuwa saa tatu usiku" anaweza kwenda kutafuta 03:00, asikute kitu, akakujibu kwamba hukuwahi kufika mlangoni.